Chanjo ya surua kwa mtoto aliye kwenye ARV

Dada wa Busia, umeuliza kama mtoto wa mdogo wako, anayetumia ARV (dawa za VVU), apelekwe chanjo ya surua ya miezi 9 au aachwe, kwa kuwa jirani anasema itamuua. Apelekwe, ila kadi ya dawa itangulie kuonyeshwa. Wanaotumia dawa vizuri na kinga yao imesimama huchanjwa surua, tena wao ndio surua huwaumiza zaidi. Akiwa kinga imeshuka sana, daktari huahirisha mpaka dawa zifanye kazi.

Jirani hajatunga yote, lakini kachanganya. Kuna chanjo zenye kirusi au bakteria hai aliyedhoofishwa: BCG (ya kifua kikuu), polio ya matone, rota (ya kuhara), surua-rubela, homa ya manjano. Hizo ndizo za kuuliza. Ile ya wiki ya 6, 10 na 14 inayodungwa pajani (pepopunda, kifaduro na wenzake) haina kitu hai, haiwezi kumwambukiza.

Anayekatazwa kabisa chanjo hai ni mtoto aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, ambao si VVU. Kwa huyo BCG inaweza kusambaa mwilini. Kama kuna ndugu yake aliyekufa mchanga kwa maambukizi yasiyoisha, mwambieni nesi kabla ya sindano.

Wenye siko seli (selimundu) msiwaweke kwenye kundi hili la kukatazwa, jamani! Hao wanachanjwa zote, na ya nimonia wasiikose kamwe, maana wengu wao, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, haufanyi kazi sawasawa.

Na ndugu za mtoto wa mdogo wako nyumbani nao wachanjwe, wasimletee surua.