Muulize fundi wa boti: jiko la kuchomea samaki, gesi au mkaa?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mi nina boti ya faiba futi 22, injini moja nyuma, natoa wageni Fumba nawapeleka kwenye mafungu ya mchanga karibu na kisiwa cha Kwale. Wageni wa siku hizi wanataka samaki achomwe palepale botini wakati wao wanaogelea. Nimeona yale majiko madogo ya stenlesi yanayoning'inia kwenye reli, bei yake inatisha, na fundi wa kuchomelea hapa mtaani kanambia atanitengenezea la mkaa kwa nusu ya hela hio. Nichukue lipi, na nilifunge wapi? (Nahodha, Fumba)

JIBU: Waaleikum salaam nahodha. Kabla ya gesi au mkaa niambie kwanza petroli yako inakaa wapi, maana hio ndo inaamua. Boti ikishatia nanga inaelekeza omo, yaani mbele, kwenye upepo kwaiyo moshi unaenda tezi, yaani nyuma, ndo maana kila mtu atakwambia weka jiko nyuma, na kwa moshi wako sawa kabisa, ila nyuma ndo kuna injini na tanki na madumu ya akiba, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukapotea, unashuka unalala kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, unangoja cheche. Na usiseme basi madumu nayapeleka omo, upepo utakuletea mvuke wake mpaka kwenye moto. Jiko liwe kona ya nyuma, lining'inie nje ya ubavu juu ya maji, mbali na turubai la kivuli, tanki liwe upande wa pili limefungwa vizuri, na hakuna kujaza mafuta moto ukiwa unawaka. Ukiona kwa udogo wa boti yako haviachani, acha, shusha jiko uchomee kwenye mchanga, wageni wenyewe watapiga picha watafurahi.

Kingine, kule kuna mkondo. Maji yakitoka kwa nguvu boti inafuata maji, haifuati upepo, moshi unawarudia watu usoni, sa hapo unahitaji kitu unachoweza kuzima. Ndo maana botini mi nasema gesi. Upepo ukichafuka unataka kung'oa nanga saa hio hio, na mkaa hauzimiki kwa kuambiwa.

Ila gesi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inaenda kulekule chini, kwaiyo mtungi usiuweke chini ya benchi hata siku moja. Uwe kwenye boksi lenye matundu chini yanayotokea nje ya boti, ufunge valvu kila ukimaliza, na mara kwa mara upake povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta uangalie kama linatoa mapovu. Ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake uache nyumbani, wimbi moja tu mtungi umelala.

Kuhusu fundi wako, nenda na sumaku. Ikinasa kwa nguvu hio ni stenlesi rahisi, kutu inakuja mapema. Isiponasa inaweza kuwa stenlesi aina ya 304 au 316, sumaku haizitofautishi, uliza, 316 ndo inastahimili chumvi zaidi. Na asikuwekee wavu wa zinki pale samaki anapolala, zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya. Reli ya kubebea jiko ishikwe kwa bolti zinazopita mpaka upande wa pili na bamba nyuma yake, skrubu kwenye faiba zinang'oka. Kufunga kwa kamba ya plastiki usithubutu, inayeyuka jiko linakwenda na samaki wa watu.

SWALI: Fundi hujambo, mimi niko Mtwapa, niko na jiko la mkaa tayari kwa mashua yangu. Kila nikilitoa limeshika kutu na mkaa umelowa. (Mvuvi)

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Unalifunika likiwa bado na jivu, sivyo? Jivu linashika unyevu, na chumvi ikiongezeka chuma hakina maisha. Subiri lipoe kabisa, jivu litie kwenye debe la bati lenye kifuniko, ulimwagie maji ukafike nalo bandarini, usilitupe na upepo maana kaa moja lenye moto linatosha kutoboa tanga. Suuza jiko kwa maji baridi ya kunywa, sio ya bahari, likauke, pitisha mafuta ya kupikia kidogo kwenye wavu, alafu liingize kwenye mfuko wa turubai, nailoni inafungia jasho ndani. Usiliweke sehemu moja na maboya ya kujiokolea hata likiwa la baridi, masizi na mafuta yataharibu vitambaa. Mkaa wenyewe tia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko cha kubana, ya lita 20, hio hata mashua ikiingia maji hailowi.