Kunyimwa cheo kazini: nidai au ninyamaze?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko mwaka wa tisa katika ghala la kampuni moja hapa Kisumu, naibu wa msimamizi. Nafasi ya msimamizi ilipotangazwa niliomba, nikahojiwa, kisha ikapewa kijana mwenye miaka minne tu. Wenzangu wanasema ni shemeji wa mkubwa fulani. Tangu hapo simwelekezi kitu, nangoja aharibu. Karani mmoja ananiambia nikitoa elfu thelathini, nafasi ijayo ni yangu. Na nyumbani Kondele naambiwa Mtume alikataza kuomba uongozi, basi ninyamaze. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kuumia si dhambi, ndugu yangu. Nabii Yaqub alihuzunika hata macho yakawa meupe, na bado alikuwa Nabii. Yanayohesabiwa ni haya uliyoanza kuyafanya baada ya kuumia.

Hadithi uliyoambiwa ni sahihi, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: Mtume ﷺ alimkataza sahaba wake Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, kwamba akipewa kwa kuuomba ataachiwa nao peke yake, na akipewa bila kuomba atasaidiwa. Lakini aliyekusomea hiyo ameishia njiani. Katika Surat Yusuf aya ya 55, Nabii Yusuf anamwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, na anataja kwa nini: yeye ni hafidh na alim, mlinzi na mjuzi. Wanazuoni wameoanisha wakasema katazo linamhusu anayetamani ukubwa wenyewe au asiyeuweza, si mwenye sifa anayeona kazi itaharibika. Sahaba Abu Dharr, pamoja na ucha Mungu wake wote, aliambiwa na Mtume ﷺ kuwa ni dhaifu na cheo ni amana (Muslim). Ikiwa ucha Mungu wa Abu Dharr haukutosha, miaka tisa peke yake haitoshi. Jipime kwa yale mawili. Hafidh: mwisho wa mwezi, mzigo ulioko rafuni unalingana na ulioandikwa kitabuni? Alim: tangazo lilitaka nini, cheti au ujuzi wa kompyuta, nawe unacho?

Ukishajipima, uliza kwa barua. Usiiandike leo, hata kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na ghadhabu. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya tangazo, tarehe ya mahojiano, kisha maswali mawili, ni sharti gani sikulitimiza, na nifanye nini kabla ya nafasi nyingine kutangazwa. Jina la kijana lisiwemo, wala neno shemeji. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Watu wengi huharibu hapa: barua inageuka shtaka la uvumi, na mkubwa anajibu uvumi badala ya swali. Kumlalamikia anayeweza kukuondolea dhuluma kunaruhusiwa. Kuyasimulia hayo hayo ndani ya matatu ni kusengenya.

Sasa kijana. Kutamani cheo kama chake bila kutaka kimtoke ni ghibta, haina ubaya. Kungoja aharibu ni hasadi, na ukimya wako umeivusha hasadi ikaingia kwenye khiyana. Tuseme anapanga katoni mpya mbele, za zamani zinabaki nyuma mpaka tarehe inapita; wewe unaona, unajua mzigo uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka, unapita kimya. Hasara hiyo ni ya mwenye mali anayekulipa mshahara. Surat al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Hulazimiki kumfanyia kazi yake. Mwambie mara moja, kwa heshima, na uandike kwenye kitabu cha ghala.

Hizo elfu thelathini ni rushwa. Mtume ﷺ amemlaani anayetoa na anayepokea. Wako wanazuoni walioruhusu kutoa ili kuokoa haki iliyothibiti, ila cheo ambacho hata hakijatangazwa si haki ya mtu bado.

Barua isipojibiwa, au jibu likionyesha ubaguzi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi katika kupandisha vyeo, kwa mfano kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu, na ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ushemeji haumo katika orodha hiyo, kwa hivyo usiende afisi ya leba na hilo peke yake. Kudai hivi hakupingani na qadar, yaani makadirio ya Allah. Katika hadithi ya Muslim, Mtume ﷺ ametuamrisha kwanza kufanya pupa kwa lenye manufaa na kumtaka Allah msaada. “Qaddarallahu wa maa shaa-a fa'al”, yaani Allah amekadiria na alitakalo amelifanya, inakuja baadaye, jambo likishatushinda.

Ukiona afadhali uhame, sali istikhara, sala ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 au zaidi kulingana na mkataba, na siku hizo zote ghala bado ni amana yako: funguo, vitabu na mzigo umkabidhi kijana huyo huyo, kwa kuhesabu.