Maswali ya Wasomaji: “Japani orijino” nitaitambuaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Uyole. Kijana wangu amenitumia fedha ninunue chupa ya chai, jiko la umeme la kupikia wali na losheni ya mikono, maana baridi ya Juni na Julai huku kwetu hupasua ngozi. Kila duka ninaloingia Mwanjelwa naambiwa “mama, hii Japani orijino,” ilhali bei zinapishana mno. Losheni moja imejaa maandishi ya Kijapani matupu, wala haina tarehe ya kuisha muda. Nitajuaje kilicho bora?
Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Mama, shikamoo, na asante kwa barua yako. Neno la muuzaji liache dukani, ukigeuze chombo na kutazama kitako chake. Alama tatu hizi, 日本製, ambazo huna haja ya kujua kuzisoma bali kuzifananisha tu, zinamaanisha kwamba kitu kimetengenezwa Japani kwenyewe. Namba za msimbo pau (barcode) zinazoanza na 45 au 49 hazithibitishi hilo, kwa kuwa zinaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa huko. Tena usidhani umetapeliwa ukikuta bidhaa ya kampuni ya Kijapani imeandikwa Thailand au China, kwani nyingi zina viwanda nje. Kinachotia shaka ni chombo kisichosema kimetoka wapi.

Jiko la wali ndilo litakalokutia hasara usipokuwa makini. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni volti 230, na kwa sababu joto la waya hupanda kwa mraba wa volti, jiko la kwao likichomekwa kwetu hupokea nguvu zaidi ya mara 5 ya ile liliyoundiwa. Mimi mwenyewe nililipia somo hili Iringa, nilipochomeka jiko la mtumba lililong’aa kama jipya: kabla maji ya mchele wangu wa Kyela hayajapata moto nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, na muuzaji, ambaye ndiye aliyekata plagi ya asili yenye meno mawili bapa na kufunga ya kwetu, hakurudisha hata senti. Kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma. Kikiandika 100V peke yake, liache, maana transfoma ya kushusha umeme inayoweza kubeba jiko ni nzito na ghali. Chukua lililoandikwa 220 hadi 240V, yaani lililoundwa kwa ajili ya nchi kama yetu, hata kama halikutengenezwa Japani.

Kuhusu chupa ya chai, zile za Zojirushi na Tiger, kampuni mbili za Osaka, zina sifa wanayostahili. Chupa za chuma za Kijapani huandikwa nyuzi za joto zitakazobaki baada ya saa kadhaa, kwa kipimo kinachoanza na maji ya nyuzi 95 katika chumba cha nyuzi 20 hivi. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na jikoni mwako alfajiri ya Julai hakufiki nyuzi 20, kwa hiyo usishangae chai yako ikipoa mapema kidogo kuliko ilivyoandikwa. Mwombe muuzaji maji yaliyochemka, jaza, funga, subiri dakika kumi, kisha papasa ubavu wa nje. Ubavu ukiwa na joto, ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa kati ya kuta mbili za chupa, limekufa na chupa hiyo haifai kwa bei yoyote. Chomoa pia mpira wa mfuniko uone kama unarudi mahali pake bila kulegea.

Losheni kukosa tarehe si lazima iwe kasoro, kwani sheria ya Japani haidai tarehe kwa kipodozi kinachoweza kukaa zaidi ya miaka 3 bila kuharibika kabla ya kufunguliwa. Hata hivyo nakushauri uiache hiyo, kwa sababu hujui imekaa juani miaka mingapi, wala huwezi kusoma kilichomo. Tafuta yenye viambato vilivyoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, isiyo na zebaki wala haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku nchini. Ukiwa na shaka, waulize Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wanaosimamia vipodozi tangu 2019. Kwa mikono iliyopasuka, glisirini au mafuta mazito yaliyopakwa ngozi ikiwa bado na unyevu yatakusaidia, na utabakiwa na fedha za kuongezea kwenye chupa ya chai.