Kapeti linalowa kila mvua ikinyesha, silikoni imepakwa na maji bado yanaingia

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Mvua ikinyesha kapeti la mbele upande wa abiria linalowa chapachapa. Fundi wa mtaani kapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele mara mbili na bado maji yanaingia. Nibadilishe kioo?

JIBU: Nzuri kaka, pole. Kioo usiguse kwanza, na huyo fundi asipake tena kitu chochote. Masika haya karibu kila gari la zamani linalokuja kwangu na shida ya maji limeshapakwa silikoni kabla mtu hajajua maji yanapita wapi, na hilo ndo linaloniudhi kuliko yote, watu kudhani maji yanaingia pale yanapoonekana. Maji yakishapita kwenye bati yanafuata mkunjo wa bati, yanashuka na nyaya, yanakuja kudondokea mbali kabisa na tundu lenyewe.

Kwa gari lako anza chini ya waipa. Ile plastiki nyeusi yenye matundu, ifungue. Ukipaki chini ya mwembe au mwarobaini utakuta majani yameoza yamekuwa tope na yameziba njia za maji za pembeni, zile zinazomwaga nyuma ya fenda. Maji yakikosa pa kutokea yanajaa pale mpaka yanaingia kwenye boksi la feni ya AC, na hilo boksi liko juu ya miguu ya abiria. Toa uchafu kwa mkono, mwaga maji, angalia kama yanatoka chini.

Kama bado, nyanyua kapeti lote, kausha, paka poda ya mtoto kwenye bati kavu. Mtu mmoja alale ndani kichwa chini ya dashibodi na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani taratibu, aanzie chini ya mlango, apande kidogo kidogo mpaka kioo halafu paa, kila sehemu akae dakika kadhaa ndo ahame. Akianza juu maji yatashuka kila mahali hutajua lolote. Mashine ya kuoshea magari usitumie, ile inasukuma maji hata pale mvua haifiki. Tone la kwanza litachora njia yake kwenye ile poda, lifuate kurudi juu.

Mlango nao uangalie, hasa kama uliwahi kutengeneza kioo cha umeme. Mafundi wengi wakitoa ile nailoni iliyo nyuma ya pambo la mlango, inayozuia maji yasiingie ndani, hawairudishi, na nimeona milango ambayo hata yale matundu ya chini ya kutolea maji yamezibwa kwa silikoni, yaani maji yanabaki yamejaa ndani ya mlango!

Usichelewe lakini, sponji iliyo chini ya kapeti inakaa na maji wiki nzima huku juu pamekauka, na nyaya zinapita hapo hapo. Soketi zikishaota ukijani utaanza kusumbuliwa na taa na loki na hutajua chanzo.

Sasa hii silikoni. Ile inayonuka siki ina asidi, inakula bati lililo wazi, kwahiyo chini yake kutu inaendelea wewe unaona pamezibwa vizuri. Na gundi mpya haishiki juu yake, lazima ikwanguliwe yote. Kioo cha mbele kinashikwa na gundi yake ya poliyurethini, sio silikoni ya bafuni, maana eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa kumkinga kwenye ajali, ikifumuka inaegemea hicho kioo, na kisiposhikwa sawasawa kinaweza kuchomoka siku ya ajali. Kwahiyo yeyote mwenye gari, fundi akitaka kutoa kioo muulize kwanza akuonyeshe tyubu anayotumia, soma ilivyoandikwa, na gari lisitembee mpaka muda ulioandikwa pale uishe. Akikutolea silikoni chukua ufunguo wako uondoke.