Kinaya si kejeli: anza na karanga za Nachingwea

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mtwara, na kila darasa ninalolipokea huita kinaya maneno yoyote yenye ncha. Ukitaka kuvitenga kinaya na kejeli, anza na karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, pamoja na reli ya kuzishusha pwani. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari tunayo, na mzigo wake mashuhuri leo ni korosho. Hicho ni kinaya cha hali. Mambo yalikwenda kinyume cha yaliyopangwa, wala hakuna aliyemsema mtu. Huwaambia wanafunzi wakaitazame ile bandari, maana kinaya cha namna hii hakikai mdomoni.

Cha mdomoni ni kinaya cha kauli. Korosho zimeanikwa uani, mvua inazikuta, mama anasema, "Leo zitakauka vizuri!" Kasema kinyume cha anachomaanisha, basi. Lakini akimgeukia kijana aliyeachiwa kuzianua na kumwambia, "Ahsante, baba, umenitunzia mali," hapo kejeli imeingia, kwa kuwa kuna anayechomwa.

Kinaya cha kitamthilia hutegemea nani anajua nini. Katika hadithi moja, Simba amejificha pangoni mwa Sungura. Watoto wanaosikiliza wanajua. Sungura anaita, "Pango, hujambo?" Simba anaitika, asijue kuwa amejitaja.

Kwenye simu, jihadharini. Kauli ya kinyume huhitaji sauti na uso, na ujumbe wa maandishi hauna hivyo. Katika kundi la ukoo, hasa panapochangwa fedha za msiba, semeni moja kwa moja. Na mtoto anayejifunza kusoma msimkejeli kamwe. Nimeona wanaonyamaza darasani kwa sababu hiyo.

Kwenye mtihani, usiandike tu "hiki ni kinaya". Taja kilichosemwa au kutarajiwa, kisha hali halisi, kisha nani aliijua na nani hakuijua.