Maswali ya wasomaji: Mbona mwalimu kaikata nadharia tete yangu?

SWALI: Shikamoo. Nasoma kidato cha pili hapa Dodoma, tumepewa projekti ya sayansi, mimi nikaandika nadharia tete yangu kwamba "mtama ni bora kuliko mahindi kwa Dodoma", mwalimu kaikata kwa kalamu nyekundu eti hiyo siyo nadharia tete. Mbona ni kweli? Huku kila mtu anajua mvua ikikatika mahindi yanakauka mtama unabaki. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kizota)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na wala hajasema umedanganya, hapo ndo wengi wanachanganya. Nadharia tete, yani dai unalolitoa ili ulijaribu, inaweza kuja kuonekana ya uongo kabisa na bado ikawa ya kisayansi. Kinachotakiwa ni kwamba kabla hujaanza uwe umeshasema kitu gani kikitokea utakubali umeshindwa. Sasa "bora" unaipimaje? Kwa ladha, kwa bei sokoni, kwa kuvumilia jua? Mtama ukinyauka utasema bado una virutubisho, bei ikishuka utasema si unavumilia ukame, yani sentensi yako ina mlango wa kutokea kila upande. Mwanafalsafa Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alilishikilia sana jambo hili kwenye kitabu chake cha 1934, kwamba dai ambalo hakuna kinachoweza kuliangusha siyo la kisayansi hata likipendeza vipi.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa hapahapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu, hakusubiri maziwa yapoe akayaweka kwenye friji yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alivyouliza akaambiwa amechanganyikiwa, lakini hakuacha kuuliza, hadi Denis Osborne aliyekuwa anafundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam akakubali lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Liangalie dai lenyewe: maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi, kwenye friza moja. Mwenye friza na saa anaweza kulipima! Na kweli limepimwa na watu wengi, mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu sana wakasema hawakuona ushahidi wake, wengine bado wanabisha. Kubishaniwa hivyo hakulishushi hadhi hata kidogo, maana wanabishana kwa vipimo.

Turudi kwako. Andika hivi: "Miche ya mtama na ya mahindi yenye umri sawa, kwenye udongo uleule, ikinyimwa maji siku 14, ya mtama itabaki hai mingi kuliko ya mahindi." Hapo umesema unapima nini, kwa muda gani, na mahindi yakibaki mengi au yakilingana basi dai lako limeanguka na unaandika hivyohivyo kwenye ripoti. Sababu unayo pia, majani ya mtama yana nta inayozuia maji yasipotee haraka na mizizi yake inatafuta maji vizuri, ila hiyo sababu ni dai jingine, usilichanganye humo. Panda kwenye makopo mengi, siyo mawili matatu, na machache ya kila aina endelea kuyamwagilia kama kawaida, maana hata hayo yakifa utajua tatizo ni udongo au mbegu, siyo ukame.