Kabla hujakata tiketi, isikilize kwanza albamu mpya

Ijumaa ya tarehe 4 Septemba 2015, siku ambayo Iron Maiden, bendi ya Uingereza ya metali, yaani roki nzito, walitoa albamu yao ya The Book of Souls, nilizima simu, nikafunga mlango wa chumba nilichopanga Sinza na kuisikiliza kwa sauti ya juu kuanzia wimbo wa kwanza. Ni albamu ya diski mbili yenye dakika 92, na wimbo wake wa mwisho peke yake unachukua dakika 18. Nilikuwa katikati ya wimbo huo umeme ulipokatika na spika zikanyamaza. Haikupita dakika moja, mama mwenye nyumba akabisha hodi na kuniuliza kwa upole: “Mwanangu, huyo aliyekuwa akilia humo ndani ameshaondoka?”

Miezi minane baadaye, Mei 2016, nilipanda ndege kwenda Johannesburg kuitazama bendi hiyohiyo jukwaani. Kila anayeniuliza ajiandae vipi kwa safari ya namna hiyo humwambia aanze na albamu mpya, hayo ya tiketi na malazi yafuate. Wengi hunibishia. Husema kwamba waliipenda bendi kwa nyimbo zake za miaka ya 1980, na kwamba nyimbo mpya ni za kuvumilia tu mpaka zile za zamani zifike. Katika ziara ile Iron Maiden walipiga nyimbo 15 kwa usiku, na 6 kati ya hizo, ukiwamo wimbo wa kufungulia, zilitoka kwenye albamu mpya. Asiyezijua amelipia onyesho zima na kulisikia nusu na kidogo, jambo ambalo kwa mkazi wa Dar es Salaam, ambako bendi za aina hiyo hazitui, ni hasara kubwa. Mimi nauli yangu niliipata kwa kuomba zamu ya kwanza katika mchezo wa upatu pale kazini, na wenzangu hawakuacha kunicheka kwa kuchukua fedha za watu nikafuate makelele ya Wazungu. (Watu husahau kwamba katika miaka ya 1970 jiji hilihili lilikuwa na Sunburst, bendi iliyopiga roki yenye midundo ya Kiafrika bila kumwomba mtu radhi.)

Namna ya kusikiliza nayo ina umuhimu wake. Mara ya kwanza isikilize albamu yote kwa mpangilio wake, bila kurukaruka, kwa kuwa bendi ya metali hupanga nyimbo zake kama mtu anayepanga sura za riwaya. Baada ya hapo iingize katika siku zako za kawaida. Mimi nilinunua visikilizio Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikawa naisikiliza kwenye daladala asubuhi. Wakati huo mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajaanza, na kwa foleni ya Barabara ya Morogoro diski ya kwanza, yenye dakika kama 50, ilikuwa ikimalizika tunapokaribia Jangwani. Kwa mwendo huo nilijua hata mahali ambapo mpiga ngoma hubadilisha mkono.

Hata hivyo nilifanya kosa moja, nami nalikiri. Wimbo wa nne, The Red and the Black, una dakika 13 na sehemu ndefu ya kuimba “wo-o-o” isiyo na maneno, na niliuona kuwa umerefushwa bila sababu. Baada ya wiki mbili nikawa nauruka kila ninapoufikia.

Onyesho lilianza kwa giza, kisha mwimbaji wao, Bruce Dickinson, akaonekana juu ya jukwaa lililojengwa kama hekalu la Wamaya wa kale wa Amerika ya Kati, amevaa kofia ya joho, ameinamia chungu kikubwa kinachofuka moshi, akiimba polepole. Mwishoni mwa 2014, baada ya albamu kurekodiwa, mtu huyo aligunduliwa kuwa na saratani nyuma ya ulimi, na ziara nzima ilisogezwa mpaka 2016 kwa ajili ya matibabu yake. Niliposikia sauti ile ikipanda bila kukwama, nilijikuta nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha ukafika wimbo niliokuwa nikiuruka. Gitaa likapiga ile sehemu ya “wo-o-o”, uwanja mzima ukaijibu, gitaa likarudia, watu wakajibu kwa nguvu zaidi, na mimi niliyejidai mwanafunzi hodari nikawa nachelewa kila mara kwa kuwa sikujua inapindia wapi. Kijana aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniangalia kama mtu aliyekosea itikio msibani. Bado naamini albamu ile ingepunguzwa dakika kumi isingepungukiwa kitu, lakini dakika hizo singezitoa kwenye wimbo huo.

Kuna mambo mawili madogo ambayo huyasisitiza. Nunua vizibo vya masikio kwenye duka la dawa kabla hujasafiri na uvivae tangu bendi ya utangulizi, kwa kuwa sauti ya desibeli 85 inaweza kuvumiliwa kwa saa nane, ilhali ikifika desibeli 100, kiwango cha kawaida katika maonyesho ya metali, muda wa usalama hushuka hadi dakika 15 hivi, na onyesho lenyewe hukaribia saa mbili. Vizibo havifuti muziki, bali vinapunguza ukali, na maneno husikika vizuri zaidi. Jambo la pili ni sweta. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Mei ni mwanzo wa baridi yao. Nilikwenda na fulana nyeusi kama ninavyovaa Sinza, na hadi wimbo wa tatu meno yalikuwa yakigongana nje ya mdundo.

Ule wimbo wa dakika 18, unaosimulia ajali ya puto kubwa la abiria la Uingereza, R101, lililoanguka Ufaransa mwaka 1930 na kuua watu 48, hawakuupiga. Niliusikiliza mwenyewe niliporudi, usiku wa kwanza, na safari hii umeme haukukatika. Asubuhi nilimkuta mama mwenye nyumba akifagia uwanja.

“Ulimwona huyo anayelia?”

“Nilimwona, mama. Alikuwa mgonjwa, sasa amepona.”

“Alhamdulillahi,” akasema, akaendelea kufagia. “Mwambie anywe tangawizi.”